Anza na Hiyo Mbaya

Mama wa bibi harusi alimwaga sarafu saba za fedha juu ya meza ya mjomba wangu, sonara. Alizirithi kwa bibi yake, naye alitaka zigeuzwe bangili kabla ya adhuhuri.

"Mjomba, zima jiko," nikasema. "Hizi ni dinari za Warumi, tazama uso wa mfalme wao. Zina karibu miaka elfu mbili!"

"Profesa wa vitabu vya mitumba kaanza." Mjomba akazidisha moto. "Fedha ni fedha, bwana."

"Mwanangu, harusi ni kesho," yule mama akasema. "Huyo mfalme wako atamvalisha binti yangu?"

Nikakaa, nikasimama, nikazunguka meza. Kitabu cha sarafu nakijua ukurasa kwa ukurasa, na sikufundishwa na mtu. "Nipe nusu saa, mama. Nikizitambua, utazipeleka makumbusho?"

"Ukizitambua, nitazipeleka. Lakini moto usikae bure, moja iingie sasa hivi."

Kikombe cha kuyeyushia kilikuwa kimeiva, chekundu. Nikazitupia jicho upesi. Sita zilikuwa safi, uso wa mfalme katikati kabisa. Ya saba ilikuwa na ufa, pua ya mfalme imekatwa na ukingo, nusu ya herufi hazipo.

"Anza na hiyo mbaya," nikamwambia mjomba, kwa sauti ya mtu anayejua.

Akaidondosha kikombeni.

Nikashika lenzi. Ya kwanza ilikuwa na kibonyeo kidogo ukingoni, mkabala na sikio. Ya pili, kibonyeo kilekile, mahali palepale. Ya tatu. Ya nne. Ya tano na ya sita, vilevile. Warumi waligonga sarafu zao moja moja kwa nyundo, na nyundo ikienda upande, pua inakatwa. Kingo hazifanani hivi. Hizi sita zilimiminwa kwenye kalibu moja. Za kuiga!

"Mjomba, itoe!"

"Nitoe nini? Uji huu?"

Nikachungulia. Kikombeni palikuwa na tone linalong'aa, linatetemeka.

"Haya, Profesa," mama akasema. "Hizi sita ni za mfalme gani?"

Ningetaja jina lolote, nani angejua?

"Si za mfalme yeyote, mama. Yeyusheni tu. Ya Warumi ilikuwa ile niliyosema tuanze nayo."

Mjomba, ambaye hunicheka hata nikipiga chafya, hakucheka. Akanipa koleo. Nikazitia sita zile kikombeni, moja moja, kwa mkono wangu.