Mwaka Tuliogomea Mtihani

Mtu asije akaniambia watu wa Wexley hatukuipigania shule yetu. Tuliipigania kufa na kupona, na waliokufa ni sisi.

Aliyeanza ni dada yangu Marla. Marla ana mtoto mmoja, Tess, na Tess haongei na watu. Si bubu, msinielewe vibaya. Akiwa nyumbani na mama yake, au na mimi, au zizini anapolisha ndama wetu, anapiga domo mpaka unatamani umzibe kinywa. Akitokea mtu mwingine tu, basi, kwisha habari. Mume wangu Gerrit amemjua tangu yuko kwenye nepi, na hajawahi kupata hata salamu. Akiingia zizini, mtoto anakata sentensi katikati na kubaki anamtazama. Madaktari wa mjini wana jina refu la hali hiyo. Walimpa Marla hilo jina na bili, wakamwambia awe na subira.

Shuleni Tess alikaa miaka miwili hajatoa sauti. Halafu akaingia darasa la Mwalimu Ordway. Huyo mama alikuwa nesi kabla ya kuwa mwalimu, na alikuwa na kichwa chake mwenyewe. Hakumbembeleza mtoto, hakumwahidi peremende. Wakati wenzake wakitoka kucheza kwenye theluji, Mwalimu Ordway alikuwa akivuta kiti, anampa Tess mgongo, anafuma soksi huku akijisemea mambo yake: jirani yake mchoyo, gari lake bovu, supu iliyoungua. Wiki nenda wiki rudi, mgongo tu. Mpaka siku moja ya Februari akasikia kasauti nyuma yake: "Umeruka kitanzi."

Mwalimu hakugeuka. Angegeuka angeharibu kila kitu. Akasema, "Ah, kweli bwana! Wapi?"

"Hapo chini. Karibu na kidole."

Marla aliposimuliwa alilia pale pale kwenye maegesho ya duka la vyakula, kakumbatia galoni la maziwa. Tangu siku hiyo Tess alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye duniani nje ya sisi. Kufikia masika alikuwa akimsomea kitabu kwa sauti, wawili hao kwenye kona, na dada yangu akaanza kupata usingizi.

Ndipo vikaja viwango vya taifa, na jimbo letu likavikubali. Kwamba kila mtoto wa darasa la tatu, awe wa baharini au wa milimani, lazima ajue jambo lile lile na athibitishe kwamba analijua. Mimi sikuwa na neno. Mtoto asome, ajue hesabu, nani atapinga? Lakini zile kazi za nyumbani, jamani! Kutoa namba moja kwenye nyingine unachora visanduku, unachora mishale, halafu unaandika aya nzima kueleza umejuaje. Gerrit alijaribu kumsaidia Tess jioni moja akaishia kuvunja penseli.

Hayo Marla aliyavumilia. Kilichomwasha ni ripoti. Kulikuwa na mstari unaosema kuzungumza mbele ya darasa, na mbele yake: hajafikia kiwango. Akaenda nayo shuleni, na mimi nyuma yake.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Usikisome hicho, Marla. Nimetakiwa kuandika, nimeandika. Mtoto anaongea nami kila siku, wewe unajua, mimi najua."

"Sasa kwa nini kaandikwa kashindwa?"

"Kiwango kinataka asimame mbele ya wenzake aeleze. Hajasimama."

"Aliyekitunga kashawahi kumwona Tess?"

"Hapana, mpenzi wangu. Hajamwona."

Marla akaenda kwenye kikao cha bodi ya shule. Kwetu bodi inakaa mezani mbele, na mwananchi mwenye dukuduku anajiandikisha, anapewa kipaza sauti na dakika tatu. Bodi inasikiliza, haijibu. Ndiyo sheria yao. Hata ukiwaambia paa linawaka moto, mwenyekiti atangoja king'ora cha saa kilie, kisha atasema, "Asante kwa maoni yako." Mwenyekiti wetu ni Lyle Van Etten, tuliyeimba naye kwaya tangu utotoni, sauti yake kama lango lisilotiwa mafuta.

Marla aliwapasha. Sikujua dada yangu ana maneno yale. Aliuliza mtu aliyekaa mji mkuu anajuaje mtoto wa Wexley aanze lini kuongea. Watu wakasimama, wakapiga makofi mpaka mabenchi yakatikisika, na mimi nilipiga kuliko wote. Lyle akasema asante kwa maoni yako. Baadaye, kwenye kahawa, akanong'ona kwamba yuko pamoja nasi.

Moto ukashika. Mabango yakasimikwa kwenye nyasi za kila nyumba. Tukachapisha fulana: WATOTO WETU SI NAMBA. Lyle mwenyewe alivaa ya kwake kwenye gwaride la wazima moto. Wengine walichukia viwango kwa sababu ya hesabu, wengine kwa sababu ya serikali, wengine hata ukiwauliza hawajui, wanachukia tu. Halafu likaja wazo la kugomea mtihani wa jimbo unaopima viwango hivyo. Mzazi anaruhusiwa kumtoa mtoto wake. Tukiwatoa wote, watapima nini?

Marla alitaka baraka za Mwalimu Ordway. Tukamkuta anapanga viatu vya theluji vya watoto.

"Tunagoma, Mwalimu. Unasemaje?"

Mwalimu akatazama mlango, akatazama dirisha la ofisi ya mkuu wa shule ng'ambo ya ukumbi. "Sina ruhusa ya kumshauri mzazi juu ya mtihani, Marla. Tumeambiwa wazi. Atakayesema ndiyo au hapana, kazi hana."

"Niambie mimi tu. Nani atajua?"

"Siwezi." Akashika kiatu kimoja muda mrefu. "Nisamehe. Siwezi."

Tulipotoka nje Marla alikuwa anafoka. "Umeona, Arlene? Wamemziba mdomo hata yeye! Sasa ndiyo tunagoma!"

Wiki ya mtihani tuliwapeleka watoto kwenye chumba cha chini cha kanisa. Tuliwapikia chapati za maji na asali ya mepo, utomvu wa mti tuliouchemsha wenyewe, wakacheza karata, wakapaka rangi, wakapigana. Pale shuleni walibaki wachache wa kuhesabika, watoto wa wazazi waoga, tukawacheka. Nakumbuka Marla akinimiminia kahawa huku akicheka, nywele zimejaa unga. Sijamwona akicheka hivyo tena.

Majibu yalikuja majira ya joto. Kumbe jimbo halikumwacha nje asiyefanya mtihani. Lilimhesabu kama asiyefikia kiwango. Shule yetu, yenye Mwalimu Ordway ndani yake, ikawekwa daraja la mwisho kabisa, jina lake likapigwa wino mwekundu kwenye tovuti ili kila mtu alione. Sisi tukaona fahari. Kuna mjinga mmoja aliuchapisha ule ukurasa akaubandika dukani kama cheti. Sawa, ni Gerrit wangu.

Kilichokuwa kinakuja tulikijua, ila hatukukiunganisha na mambo yetu. Mashamba ya ng'ombe yanauzwa, vijana wanahama, watoto wanapungua. Wilaya yetu ilikuwa na shule mbili ndogo, yetu na ya Hadley Corners, nyuma ya milima, na kila mtu alijua hela haitoshi mbili. Bodi ya Lyle ilisimamia zote mbili, na ilitakiwa kufunga moja. Wa Hadley Corners hawakuwa na fulana. Watoto wao walifanya mtihani, basi, wakapata alama za kawaida.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa michezo, theluji nje mpaka magotini. Lyle akasoma bila kuinua macho: kwa mujibu wa takwimu za ufanisi, shule inayopendekezwa kufungwa ni ya Wexley.

Marla akaenda kwenye kipaza sauti. "Hatukushindwa," akasema. "Lyle, unanisikia? Hatukufanya! Huwezi kusema mtu kashindwa mbio ambazo hakukimbia. Ulijua. Ulikuwa umevaa fulana. Mtoto wangu ana mtu mmoja tu. Mmoja! Mkifunga, yule mama anaondoka, miaka yake ya kazi ni michache, wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kutoka, mmeliandika wenyewe. Nitampeleka wapi Tess? Nijibuni. Leo tu, vunjeni hiyo sheria yenu, mtu mmoja anijibu."

 Wajumbe wakatazama vidole vyao. Akangoja. Saa ikaendelea kukimbia naye amesimama pale ameshika kile chuma. Ikalia.

"Asante kwa maoni yako," akasema Lyle.

Kura ya kufunga ilipopita, nilimvizia kwenye meza ya kahawa. "We Lyle! Mwoga mkubwa we! Ile fulana umeifanya tambara la kufutia vioo?"

"Punguza sauti, Arlene."

"Sipunguzi! Kwaya nzima ikusikie usivyo na haya."

"Unataka nifanyeje?" Macho yake yalikuwa mekundu, lazima niseme ukweli. "Nifunge yenye alama niache isiyo na alama? Wa Hadley Corners watatupeleka mahakamani kesho asubuhi, na watashinda. Wao wana kitu cha kuonyesha. Sisi tuna nini?"

"Tuna watoto!"

"Na wao wana watoto pia," akasema, akaweka kikombe, akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko kura.

Siku ya mwisho ya shule Marla alimkuta Mwalimu Ordway akifunga maboksi. Alikuwa anahamia kwa binti yake, jimbo jingine, kusiko na theluji.

"Ulijua?" Marla akamuuliza.

"Nilikuwa na hofu hiyo."

"Na hukuniambia."

"Ningefukuzwa kazi, Marla."

"Na sasa je?"

Mwalimu akakaa chini juu ya boksi, akajifunika uso. Dada yangu hakumgusa. Hapo nilimwona Marla mkatili kwa mara ya kwanza maishani, na sikuweza kumlaumu yule mama wala yeye. Tess alikuwa ukumbini amesimama ananyonya kamba ya kofia yake. Hakuaga. Mwalimu alimgeuzia mgongo, akangoja, akangoja. Hakusikia kitu.

Vuli ikaja, Tess akaanza kupanda basi la Hadley Corners kabla hakujapambazuka. Kwanza aliacha kuongea zizini. Nilidhani kachoka. Halafu akaacha kuongea nami, akawa ananitazama kama anavyomtazama Gerrit, na nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto. Mwisho akaacha kuongea na mama yake. Hakuna ugomvi, hakuna homa. Maneno yalipungua tu, mezani, kitandani, mpaka asubuhi moja Marla akampigia kelele aseme hata "sitaki", na hakusema.

Wiki hiyo hiyo simu ikalia. Mama mmoja wa fulana, anashangilia: jimbo limefuta vile viwango! Vinaandikwa upya, vitapewa jina jingine. "Tumeshinda, Marla! Bila wewe tusingeshinda!" Marla akamwambia hongera, akakata.

Ikafika siku ya wazazi kuonana na walimu. Nilimwendesha mimi. Njiani aliongea mfululizo. "Labda maneno anayatunza kwa ajili ya shuleni, Arlene. Si ndiyo? Kama zamani alivyoyatunza kwa ajili ya nyumbani. Labda ana rafiki. Akiwa na rafiki mimi sijali, anyamaze nyumbani mpaka aolewe." Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Mwalimu mpya ni msichana mchangamfu, darasa limemjaa mpaka ukutani, na karatasi ya daktari yenye lile jina refu sidhani kama kuna mtu aliyempa. Akatukaribisha kwenye viti vya watoto, akafungua kompyuta akitabasamu.

"Tess! Laiti wote wangekuwa kama yeye. Tazameni: kusoma, amefikia. Hesabu, amefikia. Siku hizi wanajibu kwa kuchapa, anachapa vizuri sana. Amefikia kila mahali."

"Na kuongea?" Marla akauliza. "Anaongea na nani?"

"Kelele, unamaanisha?" Msichana akacheka. "Hapana, mama, ondoa wasiwasi. Hanisumbui kabisa. Sijui hata sauti yake ikoje." Akainama mbele, kwa wema, nafikiri, kwa kuwa uso wa dada yangu ulikuwa umebadilika. "Wapo wa namna hiyo. Shuleni kimya, nyumbani redio. Nyumbani si anaongea?"

Nilimtazama Marla. Nilikuwa tayari kumshika mkono, nilikuwa tayari kumwambia huyo binti kila kitu, tangu mwanzo.

"Sana," akasema Marla. "Hanyamazi."