Hawajafuzu Bado

Mwalimu Raya alijua watoto wake wangesoma vizuri mno mbele ya mgeni, na hilo ndilo lililomkosesha raha tangu asubuhi.

Shule yao iko mbele ya Mkange, kwenye njia ya Saadani, na watoto wake ni wa wavuvi na wakulima wa ufuta. Mwaka uliopita Serikali iliiingiza katika mpango wa kuwasaidia wanaochelewa kusoma. Vikaja vitabu vipya, akaja mwalimu wa ziada wa kumsaidia Raya na darasa la pili, kikawekwa kipindi cha kusoma kila siku. Leo Bi Hafidha, ofisa kutoka halmashauri, amekuja kupima. Watoto wakionekana wamefuzu, shule inapewa cheti na msaada unahamia kwingine.

"Cheti hicho nitakitundika pale," alisema Mwalimu Mkuu, Mzee Mwishehe, akionyesha ukuta wa ofisi uliobanduka chokaa. "Wewe, mwanangu, kazi yako kutabasamu. Usiniletee mambo ya chuo kikuu."

Darasani wazazi walijaa hadi madirishani. Adija, ambaye mama yake hukaanga samaki barabarani, alisimama na kitabu. Akakisoma toka jalada hadi jalada, sauti ikipanda na kushuka kama ya kaswida. Hakukwama hata mara moja. Wenzake nao wakakirudia, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mzazi mmoja akapiga kigelegele.

"Mashallah!" alisema Bi Hafidha, akatoa kalamu.

Raya alikuwa akikitazama kidole cha Adija. Kidole kilikuwa bado kwenye ukurasa wa mbuzi, mdomo umeshafika wa kuku. Watoto hawa waliingia chuoni kusoma Kurani kabla hawajang'oka meno ya utoto, na masikio yao yalizoea kushika na kutoachia. Kitabu kidogo kama kile, kikisomwa mbele yao mara chache tu, walikihifadhi chote. Hawakumdanganya mtu. Waliamini kwamba huko ndiko kusoma.

"Samahani, Bi Hafidha. Usiandike bado."

Mzee Mwishehe alikohoa, kikohozi cha onyo. Raya hakugeuka. Alichana karatasi, akaitoboa kitundu cha kutosha neno moja, akailaza juu ya ukurasa.

Minong'ono ikapita madirishani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndivyo afanyavyo maalimu wa Kurani anapomshuku mwanafunzi kwamba anaimba tu, hasomi.

"Adija, mama, hapa pana neno gani?"

"Mbuzi anakula majani," alijibu Adija upesi, maana ndivyo ukurasa ulivyoanza.

"Hayo ni matatu. Mimi nataka hili moja."

Adija akakikodolea macho kitundu. Mdomo wa chini ukaanza kucheza.

"Unamwaibisha mwanangu mbele za watu!" Mama Adija alifoka dirishani. "Umetoka huko mjini Bagamoyo kuja kutucheka sisi?"

"Sikucheki, dada yangu. Nami nilitobolewa karatasi kama hii, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Lakini maalimu hakunifukuza. Alinirudisha kwenye alifu, herufi ya kwanza." Raya alimwekea Adija mkono begani. "Leo ikiandikwa Adija amefuzu, kesho mwalimu wake wa ziada anaondoka. Atakuwa amefuzu kuimba. Akikutana na kitabu kingine, nani atamwimbia?"

Adija alijifuta pua kwa mkono, akainamia kile kitundu.

"Ma," alisema. Akasita. "Ma... ja..."

Hakufika mwisho.

"Silabi hizo mbili ni zake," alisema Raya. "Alikuja hapa hana hata moja. Msimwache kabla ya ya tatu."

Bi Hafidha alishusha pumzi. "Mwalimu, nikiandika hawajafuzu, nitaulizwa vitabu vimefanya nini. Na kuna shule hazijapata hata kimoja, zinangoja zamu."

"Basi Serikali inunue vingine. Isimvue huyu nguo ili imvike yule."

"Weee!" alimaka Mzee Mwishehe. "Unasema na mgeni hivyo?"

"Mwache aseme," Mama Adija alidakia. Hasira yake ilikuwa imegeuka upande. "Na wewe bibi, ukimwandika mwanangu kafuzu, nitampakia bodaboda nimlete huko ofisini kwenu. Asome mbele ya mkubwa wako. Na karatasi nitaitoboa mwenyewe!"

Watu waliangua kicheko. Bi Hafidha naye kikamshinda, akacheka huku akitikisa kichwa. Kisha akaandika, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Hawajafuzu. Msaada uendelee hapa." Akaongeza kwamba wakubwa wake hawatafurahi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza.

Gari lake lilipokwisha kuondoka, Mzee Mwishehe alimzuia Raya mlangoni.

"Umeninyima cheti. Nitaomba uhamishwe, binti. Upelekwe kusikofika hata pikipiki."

"Omba, Mwalimu Mkuu. Nikihamishwa nitakwenda, na huko nako nitawapima watoto vivi hivi." Raya aliinamisha kichwa kwa adabu, ila hakurudi nyuma. "Sasa niwie radhi unipishe. Nina kipindi."

Mzee alisimama kidogo, kisha akasogea. Raya akaingia, akafuta ubao, akaandika silabi moja kubwa: ni.

"Haya, Adija," alisema. "Tuendelee ulipoishia."