Mpiga Gitaa Ambaye Hakuzaliwa

Lefty Crandall alikuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, makaburi matatu na wajane wawili, na kila mwaka Wabelgiji walimwongezea kitu. Jambo hilo lilimshangaza sana Ardith Pruitt, kwa kuwa yeye alikuwepo chumbani siku mumewe alipomzua.

Ilikuwa Memphis, Machi mwaka 1957. Hoyt Pruitt alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nywele kazipaka mafuta hadi nzi anateleza, na mfukoni ana wimbo mmoja uitwao "Nipigie Honi". Mpiga gitaa wake alikuwa amelala mahabusu tangu jana yake, kwa kosa la kuendesha trekta barabarani akiwa amelewa. Ardith alikuwa amefuatana na mumewe kumshikia koti tu. Akakalishwa kwenye kiti cha chuma, akapewa gitaa. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na gitaa lilimkaa juu ya tumbo kama sinia juu ya stuli. Alipiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja, isipokuwa pale katikati, mtoto alipoupiga teke mgongo wa gitaa na mama yake akapoteza pigo zima. Mwenye studio alisema hana utepe wa kuchezea. Hiyo hiyo inatosha.

Kisha akachukua fomu. "Gitaa kapiga nani?"

"Mke wangu," alisema Hoyt.

"Kijana, huu ni muziki wa kihuni. Hakuna atakayeucheza huku anafikiria wodi ya wazazi. Nipe jina la mwanamume."

Hoyt aliangaza macho. Ukutani ilining'inia glavu ya besiboli ya mtu wa mashoto, na watu wa mashoto huko kwao wote huitwa Lefty. Mlangoni palikuwa na sanduku la vitunguu la Crandall na Wanawe. Basi ikawa hivyo. Ardith akalirudisha gitaa, akachukua koti la mumewe. Alikuwa mtu wa aibu. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu, sauti akamwachia Mungu aikisie.

Wimbo ulipanda hadi nafasi ya nane katika kaunti tatu za Arkansas, ukakaa wiki mbili, ukashuka, usionekane tena. Hoyt alitumbuiza juu ya paa la kibanda cha bisi kwenye sinema za kutazamia garini, na watazamaji wakimwashia taa ili ashuke wapate kuona filamu. Alirekodi wimbo wa pili, uliomhusu daktari wa meno, ambao hata mama yake mzazi hakuununua. Kufikia mwaka 1961 alikuwa anauza matrekta mjini kwao Cutler Bend, na nywele zake zilikuwa zimeanza kumuaga moja moja.

Ndipo, mwaka 1974, ikaja barua kutoka Ghent. Mwandishi alikuwa kijana aitwaye Joost Verhulst, mwalimu wa jiografia, na hakuuliza chochote kuhusu Hoyt. Aliuliza kuhusu Lefty. Lefty alikuwa mtu wa namna gani? Alikula nini?

Sasa, Hoyt hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kabila lile la watu wasioweza kumwambia mgeni kwamba chai imekwisha. Alijibu kwamba Lefty alipenda pichi za kopo. Barua iliyofuata ilitaka kujua zaidi, akamjalia Lefty kilema cha mguu. Baada ya miaka mitatu ilimbidi amuue, maana Joost alikuwa ameanza kuomba anwani. Akamtosa mtoni na gari lake, usiku wa mafuriko, na kumbe hapo ndipo kazi ya Lefty ilipoanza kushamiri. Chama kikaundwa. Kitabu cha kurasa mia tatu kikaandikwa. Vijana wawili wa Antwerp, wenye mikono ya kulia mizima kabisa, walijifunza upya gitaa kwa mashoto.

"Katika kazi hii yetu," alikuwa akisema Ozell Tarpley, "ukitaka heshima, tangulia kufa. Na kama unaweza kutozaliwa kabisa, utafika mbali zaidi."

Ozell alijua alichokisema. Alikuwa mpiga blues wa miaka sabini na minane, na alikuwa amegunduliwa upya mara tatu na wasomi watatu tofauti, ingawa hakuwahi kuhama mtaa alikozaliwa na namba yake ilikuwa kwenye kitabu cha simu. Kila aliyemgundua alimwomba avae ovaroli na aliache nyumbani gitaa lake la umeme. Ozell hakuwahi kumiliki ovaroli; tangu mwaka 1938 alipanda jukwaani kwa suti. Na ni yeye aliyemfundisha Ardith gitaa, Ardith akiwa msichana wa miaka tisa, nyuma ya kinu cha pamba ambako Ozell alipima magunia na baba yake Ardith aliandika hesabu. Lakini kitabu cha Joost, ukurasa wa arobaini na mmoja, kilieleza kwamba Ozell Tarpley "aliathiriwa sana na Lefty Crandall".

"Mimi, mwanafunzi wa mzimu," Ozell alimwambia Ardith, akakifunga kitabu. "Tena mzimu mwenyewe nimemfundisha mimi, na alikuwa anakuja na soksi zisizofanana."

Mwaka 1994 chama kiliamua kufanya Tamasha la Kumkumbuka Lefty huko huko Cutler Bend. Ardith alikuwa na miaka hamsini na minane. Majira ya baridi yaliyopita vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi, na daktari alimwambia wazi kwamba havitalegea, vitazidi. Hakutaka nishani wala kitabu. Alitaka kuupiga wimbo wake mara moja mbele ya watu, kabla mikono haijamkataa, na mumewe aseme kwa sauti ya kusikika kwamba ni wake.

Ijumaa, siku moja kabla ya tamasha, Joost alialikwa chakula cha mchana. Alikuwa mrefu kama mlingoti na mpole kupita kiasi. Aliishukuru hata chumvi. Ardith aliandaa minofu ya kambare ya kukaanga na mkate wa mahindi. Hoyt alipokuwa katikati ya kisa cha pichi za kopo, Ardith aliweka uma chini.

"Mwanangu," alimwambia Joost, "siku ile Lefty hakuwepo. Gitaa nilipiga mimi."

Joost alimtazama Hoyt. Hoyt alikuwa anatafuta mwiba katika samaki asiye na mwiba.

"Unaweza kunionyesha, Mama?"

Ardith alifuta mikono kwenye aproni, akalitoa gitaa nyuma ya mlango, akapiga. Joost alisikiliza amefumba macho. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi taratibu, kama mtu anayempongeza mtoto wa jirani.

"Vizuri sana, Mama. Kasoro mbili ndogo tu. Lefty alipiga kwa mashoto. Ukisikiliza vizuri, nyuzi zinalia kutoka chini kwenda juu. Na pale katikati umesahau ule ukimya."

"Sikuusahau. Mtoto alinipiga teke."

Joost alicheka, akatoa daftari. "Ucheshi wa Kusini," alisema akiandika. Kisha akawaeleza kwamba kuhusu ukimya ule kulikuwa na mikondo mitatu. Mkondo wa kwanza ulidai uzi ulikatika. Wa pili ulidai Lefty aliinua chupa. Yeye mwenyewe aliongoza mkondo wa tatu, uliosema ni kimya cha mtu aliyemkumbuka mama yake.

"Mama yake yupi?" aliuliza Ardith.

"Huyo tunaendelea kumtafuta."

Alipoondoka, Ardith aliosha vyombo na Hoyt akavifuta, kama kawaida yao.

"Kesho utasema," alisema Ardith.

"Mama, watu wametoka Ubelgiji."

"Hata wangetoka mwezini."

"Nitasema. Sijui tu pa kuanzia."

"Anza na jina langu. Unalijua."

Hoyt aliifuta sahani moja mpaka ikawa inalia. "Nitasema," alirudia, na Ardith, aliyeishi naye miaka thelathini na minane, alijua kwamba hatasema.

Jumamosi ukumbi wa maonyesho ya kilimo ulijaa, ingawa bado ulinuka nguruwe wa wiki iliyopita. Wabelgiji walikuwa kama sitini, wenye nywele wamezisimamisha kwa mafuta, wasio nazo wamevaa kofia kwa huzuni. Jukwaani ilitundikwa picha kubwa ya marehemu. Ilikuwa picha ya binamu yake Hoyt, wakala wa bima, aliyeazima gitaa siku ya harusi ya dada yake. Picha ilisafishwa kinyume, basi gitaa likaonekana limeshikwa kwa mashoto, na Lefty akawa amethibitishwa.

Ozell alikuwa ameshatumbuiza saa tano asubuhi, katika kipindi kilichoitwa "Mizizi". Walimpa dakika kumi na tano. Sasa alikuwa ameketi safu ya mbele kando ya Ardith, suti yake ya kahawia imenyooka, gitaa la umeme katikati ya magoti.

"Bi Ardith," alinong'ona, "kama una neno, liseme leo. Hawa wakimaliza kumzika yule watakuja kukuzika na wewe, tena kwenye kaburi lake."

"Siwezi kusema mbele za watu, Mzee Ozell. Unanijua."

"Basi usiseme. Uliza. Kuuliza si kusema."

Jukwaani Hoyt alimaliza kisa cha pichi, akaenda kwenye mafuriko, akalia kidogo. Alikuwa analia kweli. Baada ya miaka ishirini alikuwa amemzoea Lefty kama ndugu. Jina la Ardith halikutajwa. Joost alikaribisha maswali. Mtu mmoja alitaka kujua Lefty alivaa kiatu namba ngapi.

"Tisa na nusu," alisema Hoyt bila kupepesa.

Ardith alisimama. Akashika mgongo wa kiti chake.

"Nina swali, Bwana Hoyt."

Watu walitabasamu. Mke wa msanii, jambo zuri.

"Siku ile studio, Lefty alikaa wapi?"

"Alikaa," Hoyt alikohoa, "alikaa kwenye kiti cha chuma."

"Na mimi nilikaa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Viti vilikuwa vingapi?"

"Mama, hilo tutalizungumza nyumbani."

"Nyumbani tumeshamaliza. Viti vilikuwa vingapi, Hoyt?"

"Kimoja."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele kama maji. Kijana mmoja wa Antwerp akapiga mluzi mrefu. Mwenzake akafungua daftari haraka, na ilikuwa dhahiri kwamba Lefty amepata mjane wa tatu. "Alikupakata?" sauti iliuliza kutoka pembeni, na wakacheka tena.

Masikio ya Ardith yaliwaka moto. Lakini hakuketi. Alimtazama mumewe, akaona uso wa Hoyt ukibadilika rangi, kuanzia shingoni kupanda hadi kwenye upara.

"Nani kauliza hivyo?" alisema Hoyt. "Asimame nimwone."

Hakuna aliyesimama.

"Hakuna mtu aliyempakata mke wangu. Hakuwepo mtu wa kumpakata. Lefty nilimtoa kwenye glavu ya besiboli na sanduku la vitunguu, kwa sababu mwenye studio hakutaka kuandika jina la mwanamke mjamzito. Kisha mkaniandikia barua, nikaona mnampenda, nikashindwa kumwondoa. Hakuna kiatu. Hakuna pichi. Gitaa alipiga Ardith Pruitt, binti Stallcup, huyo mnayempigia mluzi. Na aliyemfundisha ni Ozell Tarpley, yule pale mwenye suti, na yeye hajaathiriwa na mtu."

"Asante," alisema Ozell, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa mwavuli wake.

Joost alibaki amesimama na kipaza sauti.

"Kaburi la Texarkana," alisema hatimaye. "Nililipelekea maua. Kila Machi."

"Silijui hilo, kaka," alisema Hoyt. "Nililiona kwenye kitabu chako."

"Basi alifariki lini?"

Lilikuwa swali la kijinga, na wachache wakaguna. Lakini Ardith aliona alivyouliza: kama watu wanavyouliza kwenye korido za hospitali. Alikuwa amekuja na hasira iliyokomaa miaka thelathini na saba, na sehemu yake ilikuwa ya huyu mtu mrefu. Akasogea akamshika kiwiko.

"Leo, mwanangu," alisema. "Kama saa nane na nusu hivi. Pole sana."

Joost aliitikia kwa kichwa, macho yamejaa maji. "Asante, Mama."

Ardith akapanda jukwaani. Gitaa lililowekwa pale lilikuwa la mashoto, nyuzi zake kinyume, halimfai mtu. Ozell alinyanyuka, akampa la kwake.

"Uzi wa pili una ukaidi," alisema. "Usiubembeleze."

Baadhi ya watu walikuwa wameshaanza kutoka, wakizozana kwa Kiflemi, na vijana wa Antwerp walikuwa wameketi wakitazama mikono yao ya kushoto. Ardith aliwaona, akawaonea huruma kidogo, akaanza. Kidole cha tatu kilichelewa, kisha kikapata joto. Hoyt aliimba ubeti wa kwanza vizuri, lakini wa pili ulimponyoka kabisa. Akabaki kinywa wazi, akimtazama mkewe. Ardith hakumtajia maneno. Aliuzungusha mwanzo tena, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara akiuremba tofauti, wala hakuwa na haraka ya kuumaliza.