Gauni la Kijani na Mkanda Wake

Saa tatu ya asubuhi, Jumatatu, mfuko mkubwa wa nailoni ulikuwa umeegemezwa mlangoni mwa duka la Dama, Mji wa Kale. Kando yake alisimama mama wa makamo, buibui limemganda kwa jasho.

"Ni nguo za marehemu dadangu," alisema. "Hitima tumekwisha kusoma, na kabati lataka watu wengine. Chukua zote."

"Poleni sana, mama. Nyumbani hakuna wa kuzitaka?"

"Ana binti mmoja, Nabiha, yuko Doha kikazi. Yuwaja Ijumaa, aja kuolewa. Lakini msichana wa leo atayafanyia nini makorokoro haya?"

Dama aliyasikia maneno hayo yote. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hayakumfika.

Duka lake liliuza magauni ya zamani, na magauni hayo yalimjia kwa njia mbili. Mengi aliyachagua sokoni Kongowea, mabelo ya mitumba yakifunguliwa. Nguo ya belo imetoka ng'ambo, haina wa kuidai; ikifika tu hufuliwa, hukatwa, huvishwa sura mpya. Nguo ya nyumba, iletwayo na jamaa wa marehemu, ni kitu kingine. Hiyo, kwa kawaida yake, hulala kwenye rafu mpaka mwezi uishe, kwa sababu watu wa msiba hutoa kwa mkono huu na kutafuta kwa mkono ule. Hakuvunja kawaida hiyo hata mara moja kabla ya wiki ile.

Chini kabisa ya mfuko alikuta gauni la satini ya kijani, refu, kola ndogo, vifungo vimevishwa satini ile ile. Mikono ilibana mpaka kiwikoni kisha ikafunguka kama kengele. Aliligeuza ndani nje, kama anavyogeuza kila nguo. Mbavuni fundi alikuwa ameacha kitambaa kingi cha akiba, na juu ya akiba hiyo palikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mmoja nje ya mwingine. Mwenye gauni alinenepa, akaliachia mshono likapanuka. Akanenepa tena, akaliachia tena. Dama aliielewa mistari ile mara moja. Ilimpendeza.

Alikuwa bado amelishika Trizah alipoingia. Trizah alikuwa karani wa bandarini, mwembamba, mteja wa siku nyingi, na Jumapili alikuwa na sherehe ya kuhitimu kwa dada yake.

"Hilo ni langu," alisema kabla ya salamu.

"Salamu kwanza, wewe. Na hili halijauzwa. Ni la nyumba, lazima lilale."

"Lilale lina usingizi? Nguo ishangojea tangu sijazaliwa!"

Dama alicheka, na katika kucheka akakubali. Akamtolea mkanda wa shanga nyeusi na dhahabu alioushona mwenyewe, na vipuli vya kwenda nao. Trizah alijitazama kiooni huku Dama akikusanya kiuno kwa pini.

"Dama, utanifinya mpaka pilau ikose pa kupita."

"Pilau itapita. Mkanda ndio haukai."

Ni kweli haukukaa. Ile akiba ya mbavuni ilikuwa nene, mkanda ukipanda juu yake unapinda. Gauni bila mkanda lilikuwa gauni tu. Likiwa na mkanda lilikuwa kazi ya Dama. Alhamisi alasiri alipunguza kiuno kwa kipimo cha Trizah, akachukua mkasi, akakata akiba yote kutoka kwapani mpaka nyongani. Vipande vile alivikata tena vidogo vidogo, akavishindilia katika mto mpya wa pini. Mkanda ukakaa sawa.

Jumamosi asubuhi aliingia msichana mnene wa haiba, hina bado mbichi viganjani.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiwe Dama? Mimi Nabiha. Mama mdogo amenambia mfuko wa mamangu uko kwako. Natafuta gauni moja tu, la kijani. Aliolewa nalo, na kila harusi ya jamaa alilivaa. Kesho ni kupambwa kwangu, nami nina mwili wake."

Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, mkanda kiunoni. Nabiha aliliona kabla Dama hajajibu. Alilishusha, akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitambo.

"Dada," aliita, "halipandi. Hebu liachie. Mamangu alikuwa akiliachia."

"Haliachiki. Nimelikata."

Pazia lilifunguka. Nabiha aligeuza ubavu wa gauni, akapitisha kidole penye mshono mpya.

"Kwani hukuambiwa naja?"

"Niliambiwa."

Dama alipasua mto wa pini, akamwaga yaliyomo mezani. Hapakuwa na kipande kirefu kuliko kidole. Akatoa satini mpya ya kijani kutoka rafuni, wakatoka nayo pamoja na gauni uchochoroni penye mwanga, wakaziweka sambamba. Ile mpya iling'aa. Ya zamani ilikuwa imefifia kuelekea rangi ya majani ya chai.

"Naweza kutia ubavuni, likupate."

"Litanipata, lakini halitakuwa la mamangu." Nabiha alishusha pumzi. "Maji yamemwagika, dada. Nipe hivyo hivyo."

Dama alimpigia Trizah akamwambia gauni halipo tena, limerudi kwa mwenyewe. Trizah aliuliza, "Na mimi kesho nivae nini?" Kisha akakata simu.

Nabiha aliufungua mkanda wa shanga, akauweka juu ya meza. Akalikunja gauni, akalitia mkobani, akaaga, akatoka.