Nani Alimtuma Omosa kwa Eucabeth

Habari kwamba Omosa amelewa tena zilimkuta Nyakerario shambani, kikapu cha majani chai mgongoni, zikiwa zimeshauzunguka mlima mzima wa Manga. Jirani aliyezileta alizileta kwa raha zake zote. Alisema Omosa ameonekana akitoka kwa Eucabeth, anayepika pombe ya chang'aa kule nyuma ya migomba, huku anapepesuka, Biblia kwapani, akiimba wimbo wa Sabato kwa sauti ya kilabuni. Jirani alingoja aone machozi. Nyakerario hakulia. Alikasirika, na hasira yenyewe haikumwelekea Omosa.

Omosa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Chang'aa ilikuwa imemla miaka na miaka. Aliuza mabati ya nyumba yake mwenyewe, akauza ndama, na mwishowe mkewe Mong'ina akachukua watoto akaenda kupanga chumba Nyamira mjini, akawa anauza mboga. Watu walishamkatia tamaa. Nyakerario hakumkatia. Yeye alikuwa shemasi wa kanisa la pale kilimani na mwalimu wa darasa la ubatizo, na kwa mwaka mzima alimfundisha Omosa kama anavyofundishwa mtoto, bila kumcheka na bila kumdanganya.

Siku moja wakipunguza machipukizi ya migomba, Omosa alimuuliza kama kiu ile itaisha akishabatizwa. Nyakerario angeweza kumpa jibu tamu. Alimwambia haitaisha siku hiyo. Alimwambia yeye mwenyewe ameokoka tangu usichana wake, lakini kuku wa jirani wakiingia kwenye mboga zake bado ulimi unamwasha kutukana, na kuna siku unamponyoka kabisa. Mungu humsamehe mtu na kumpa moyo mpya, alisema, lakini mwili wa zamani nao huja naye kanisani na kukaa naye benchi moja. Utaukatalia kila siku. Ukishindwa, usilale palepale ulipoangukia, inuka urudi mbio. Na usipite njia ya Eucabeth hata kama umechelewa, zunguka. Omosa alisikia, akawa anazunguka.

Mong'ina alipata fununu za mabadiliko hayo. Alituma neno kwamba akisikia kanisa limempokea mumewe na limemshika, shule zikifungwa atarudi na watoto. Basi Omosa akawa anaishi kwa ajili ya neno hilo. Alifyeka uani, akaziba tundu za ukuta kwa udongo, akaazima mabati chakavu kwa kaka yake.

Hapo ndipo alipokuja mwinjilisti Machogu. Kanisa lilikuwa limemwalika kutoka Kisii mjini aendeshe mikutano ya injili, na mchungaji, mwenye makanisa mengi ya kutembelea, akawaachia wazee mambo yote. Machogu alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti, na watu wa mlima ule wakipata mwenye sauti hawaulizi mengine. Alifundisha kwamba mtu aliyeokoka hana tena asili ya dhambi. Imeng'olewa na mizizi yake. Anayeendelea kutamani dhambi, alisema, huyo hajaokoka bado, hata kama amebatizwa, hata kama ni shemasi.

Watu waliitikia amina mpaka mabati yakatetemeka. Na kwa nini wasiitikie? Nani hapendi kuambiwa amemaliza? Walikuwemo mle wanaonyunyizia majani chai maji ili mizani ielemee, walikuwemo waliosusiana salamu na ndugu zao kwa sababu ya mpaka wa shamba, na hao ndio waliosimama wa kwanza Machogu alipowataka wasio na dhambi wasimame. Nyakerario alibaki ameketi. Miguu haikuwa inamuuma. Baada ya ibada Machogu alimfuata akamwambia kwa upole mwingi kwamba darasa lake linafundisha watu kushindwa.

Omosa alibatizwa mtoni pamoja na wengine. Mong'ina alikuja kutoka Nyamira, akasimama kando na kitenge chake amejifunga vizuri, akamwangalia mumewe anavyotoka majini akilia. Aliondoka akitabasamu.

Na sasa hii.

Nyakerario hakwenda kumimina majani kwenye kituo cha kupimia chai. Alikwenda moja kwa moja kwa Eucabeth, kikapu mgongoni vilevile. Kama kuna mtu wa kumwona shemasi akiingia kilabuni, basi na aone. Alimkuta Eucabeth anasuuza mitungi, na kabla hajafungua kinywa Eucabeth alimvutia kigoda.

"Mama, usinitukane kwanza," alisema. "Mimi nilimwambia aende nyumbani. Mara mbili nilimwambia."

Akamweleza. Omosa alikuja jana mchana, suruali imepigwa pasi, akasimama katikati ya walevi akasoma Neno. Alikuwa ametumwa na mwinjilisti. Mwinjilisti alimwambia mtu aliyezaliwa mara ya pili haogopi harufu, aende palepale alipokuwa akinywea, ashuhudie, asitoke mpaka apate hata mtu mmoja. Walevi walicheka, kisha wakamsikiliza kweli. Lakini Eucabeth aliona macho yake yanavyoifuata kila glasi. Aliona jasho. Alipomsihi aondoke, Omosa alisema hajapata mtu, hawezi kwenda. Halafu akamuuliza jambo la ajabu. Alimuuliza, mtu akitamani tu, bila kunywa, bado ameokoka?

"Mimi ningejua wapi mambo hayo?" Eucabeth alisema. "Nilimwambia aulize kanisani. Akasema kanisani alishajibiwa. Akakaa chini, akaomba glasi."

"Na wewe ukampa."

"Nilimpa. Hiyo ni yangu, sitamsingizia mtu."

Nyakerario alimkodolea macho mwanamke yule. Alikuwa amekuja na matusi tayari, yamejipanga, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka. Alitoka bila kuaga.

Omosa alikuwa nyumbani kwake amelala chini, uso ukutani. Harufu ilijaa chumba. Alimwambia Nyakerario asihangaike naye tena, kwani jambo limekwisha.

"Shemeji, sikupotea nilipokunywa," alisema. "Nilitamani kabla sijagusa kitu. Mwinjilisti alisema anayetamani hajaokoka. Kwa hiyo pale nilipokuwa nimesimama na Biblia, nilikuwa nimepotea tayari. Glasi ilikuwa ya nini tena? Nilikunywa kama mtu yeyote tu."

Nyakerario alihisi damu inamchemka mpaka masikioni. Si mlevi aliyekuwa analala pale. Alikuwa mtu aliyefundishwa kujizika. Walimchukua mgonjwa anayepata nafuu, wakamwambia hajawahi kuugua, wakamwachisha dawa, na alipoanguka wakasema tazama, huyu si wetu. Alimpa Omosa maji, akamwamuru aoge, akamwambia Jumapili kuna mkutano wa washiriki na atakuwepo hata kama ni kubebwa.

Jumapili alasiri kanisa lilijaa kuliko Sabato. Mzee Anyona, mzee wa kanisa, mtu mwema lakini mwoga wa kelele, aliongoza mkutano. Omosa aliketi karibu na mlango, amenyoa, macho chini. Ikaletwa hoja ya kumfuta ushirika. Machogu alisimama akaieleza kwa huzuni iliyopangwa vizuri. Alisema ndugu Omosa hakuanguka, kwa maana huwezi kuanguka kutoka mahali ambapo hukuwahi kufika. Hakuokoka. Alibatizwa kimakosa, na kosa lilianzia darasani, ambako alifundishwa kutarajia dhambi badala ya ushindi. Watu wakageuka kumtazama mwalimu wa darasa.

Kuhusu kilabu, Machogu hakugusia. Alizungumza mpaka akaketi, na mtu ambaye hajui angedhani Omosa alijipeleka mwenyewe.

Nyakerario alisimama. Alikuwa amepanga kuanza kwa heshima. Heshima ilimtoka njiani.

"Kama hatuna uchafu," alisema, "yale mabeseni ya kuoshana miguu kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, tunayanunua ya nini? Mimi ndiye ninayemwaga maji yale. Nayajua. Hayatokagi safi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatizwa kwa jicho. Nyakerario akamgeukia Machogu.

"Mwinjilisti, nani alimtuma Omosa kwa Eucabeth?"

Wengi hawakuwa wamejua. Machogu aliinuka taratibu, akasema alimtuma kwenda kuhubiri, si kunywa. Alimtuma akiamini ni mtu aliyeokoka.

"Ulimjua alivyokuwa. Ulijua ni pale pale alipoharibikia. Ulifanya vizuri?"

"Nilifanya kwa imani, Mama."

"Sijakuuliza imani. Ninauliza kama ulikosea."

Machogu alifungua Biblia yake, akaifunga. Na hapo Nyakerario akaona, na nadhani kanisa zima likaona, jinsi kijana yule alivyojifungia mwenyewe mlango. Akisema amekosea, kwa mafundisho yake mwenyewe, hajaokoka. Walimwengu wote wana neno hilo la samahani, mlevi analo, mpika chang'aa analo, na mtumishi wa Mungu hakuwa nalo. Lilikuwa limeng'olewa na mizizi yake.

Mzee Anyona alimwonea huruma. Alimwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Sema tu, mwinjilisti. Neno moja, tuendelee. Hakuna atakayekumeza." Machogu alitazama viatu vyake. Alisema dhamiri yake haimhukumu.

Omosa ndiye aliyesimama. Hakuna aliyemwita.

"Mimi nilikunywa," alisema. "Sikulazimishwa. Nilikosea kwa Mungu na kwa kanisa, na kwa Mong'ina. Naomba mnisamehe. Sijui kama nimeokoka ama sijaokoka, hiyo mtaamua nyinyi mnaojua. Lakini sitaki kurudi kule. Kama mnaweza kunishika, mnishike."

Akaketi. Mtu mwenye moyo angesema mambo yaishe hapo. Mzee Anyona alipangusa uso kwa leso, akauliza kama kuna mwenye neno, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nalo akafanya alichozoea kufanya, akaita kura. Anayekubali Omosa afutwe anyooshe mkono.

Machogu, ingawa alikuwa mgeni pale, alinyoosha wa kwanza. Kisha ikaja mingine, mmoja mmoja, kwa aibu, halafu kwa pamoja, maana mkono ukiwa peke yake unaonekana na ikiwa mingi haionekani. Nyakerario alikaza macho akaitazama yote. Aliujua kila mkono. Aliwajua wanaonyunyiza maji, aliwajua wasiosalimiana na ndugu zao, aliujua mkono uliopokea mabati ya Omosa kwa bei ya kutupa akiwa amelewa chakari. Yote juu, myeupe mbele za Mungu. Wachache walibakiza yao mapajani, lakini wachache ni wachache. Hoja ikapita.

"Basi Mong'ina atasikia leo hii kabla giza halijaingia," Nyakerario alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Na mwende mkamweleze nyinyi wenyewe kwamba mumewe aliomba ashikwe, mkamwachia." Akachukua mkoba wake, akamshika shemeji yake mkono hadharani, wakatoka.

Walikuwa hawajafika mbali waliposikia mtu anakimbia nyuma yao. Alikuwa Machogu, tai imekwenda upande, anahema. Aliangalia nyuma kuona kama kuna aliyemfuata. Hakuna. Ndipo akamsogelea Omosa.

"Ndugu yangu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Sikupaswa kukutuma kule. Tangu juzi silali. Nilikosea."

Kama alidhani atapokelewa kwa machozi, hakumjua Nyakerario. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ilimpanda upya, tena kali zaidi. Neno lile lile ambalo lingemwokoa mtu dakika chache zilizopita, kijana alikuwa nalo mfukoni wakati wote, na amekuja kulitoa huku kwenye majani ambako halimgharimu kitu.

"Rudi ukaliseme ndani," alimwambia. "Bado wamekaa. Huku nje linamsaidia nani? Wewe tu, ulale."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi kwa nini?"

Machogu alilegeza tai. Kwa mara ya kwanza hakuonekana mwinjilisti, alionekana mtoto wa watu tu, amechoka. "Nikisema ndani, watasema mimi sijaokoka. Niliwafundisha hivyo mwenyewe. Watataka nibatizwe upya kama mtu wa jana."

Nyakerario alikuwa na jibu, kali, limefika ulimini. Omosa alimtangulia. Alimtazama mwinjilisti bila kinyongo, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake waliyekutana naye hospitalini wakisubiri daktari mmoja.

"Maji ya pale mtoni si baridi sana, mwinjilisti," alisema. "Mimi pia itabidi niingie tena. Ukitaka tutaingia pamoja, nitakushika mkono."

Nyakerario akalimeza jibu lake. Machogu alibaki amesimama njiani, akitazama mlango wa kanisa, na wao wawili wakateremka nyumbani, kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.