Mwashi Aliyebisha Hodi Jumamosi Kuu

Mshona nguo hakukanyaga kanisani mwaka mzima. Cherehani yake ililia kila siku pale dirishani, akishona sare za shule na majoho ya wanakwaya, lakini Jumapili alijifungia ndani. Waliokuja kumbembeleza aliwapa chai, akawasikiliza, akawasindikiza hadi barazani. Basi. Mwishowe walichoka.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa pumu na mizaha, aliyependa kusema kwamba saa za watu wote zilimtii isipokuwa ya mkewe. Alikufa wakati wa zile fujo, watu wa ng'ambo mbili za mto walipogeukiana, watu waliokuwa wakiozana na kuzikana. Kifua kilimbana mchana kweupe. Mkewe alimlaza kwenye mkokoteni wa jirani na kuusukuma mwenyewe hadi darajani, maana hospitali ilikuwa upande wa pili.

Daraja lilikuwa limezibwa kwa mawe na matairi. Wanaume wanne walisimama pale, nyuso zimefungwa vitambaa. Mmoja akasema warudi. Mshona nguo akapiga magoti. Yule mtu akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba warudi. Basi akageuza mkokoteni, na nyumbani alifika na maiti.

Mwaka ulipozunguka, Jumamosi Kuu, alikuwa akikunja pindo la joho mwashi alipobisha hodi. Huyu mwashi wa ng'ambo ya pili ndiye aliyewasimamia siku ya ndoa yao. Tangu msiba hakuwahi kuja hata kutoa pole, na watu walisema ni aibu ya upande wake. Alikuwa amekonda, saruji imeganda kwenye nyufa za vidole. Aliketi ukingoni mwa kigoda. Wakaulizana hali, wakaizungumzia mvua.

"Shemeji," akasema, "siku ile darajani, aliyewarudisha ni mimi."

Mshona nguo akakata uzi kwa meno.

"Najua."

Mwashi akainua uso.

"Umeniita shemeji miaka kumi na tisa. Kitambaa kikufunge mdomo, mimi nisiijue sauti yako?"

Hapo mwashi akalia. Alieleza kwamba waliambiwa mikokoteni inavusha silaha, kwamba aliwaogopa wenzake watatu kuliko alivyomwogopa Mungu. Lakini hakujitetea. Alimwona rafiki yake akihema pale juu ya mkokoteni, akamjua, na bado akasema warudi. Sasa alikuwa amekwenda kuungama, na padre alimwambia kwamba kabla ya kuikaribia meza ya Bwana kuna mlango wa kubisha kwanza.

Mshona nguo naye akamwambia jambo ambalo hata dada yake hakuwahi kulisikia. Kila asubuhi alisali Baba Yetu, na kila alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza, akaruka, akaendelea mbele.

"Kanisani wangenisikia nikinyamaza," alisema. "Hapa ananisikia Mungu tu."

Mwashi hakuomba msamaha. Labda angeomba, angefukuzwa. Aliuliza tu kama kuna kazi yoyote anayoweza kuifanya. Mshona nguo akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Kisha akasema kaburi la mumewe bado ni tuta la udongo na mvua inalila. Waashi wawili walikuwa wamejitolea kulijengea, akawakatalia. Hakujua kwa nini. Alimchukia huyu, na hakutaka mwingine.

Asubuhi ya Pasaka alikwenda kanisani, akaketi nyuma kabisa. Tangu zile fujo watu wa ng'ambo hii walikaa kulia, wa ng'ambo ile kushoto. Padre aliposoma habari za wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wakakuta jiwe limeviringishwa, mshona nguo alijifunika uso kwa kanga. Aliamini. Lakini kaburi la mumewe lilikuwa limefungwa.

Ilipofika wakati wa kupeana amani, mwashi alivuka njia ya katikati. Kanisa zima likageuka kutazama. Mshona nguo akampa mkono. Ulikuwa mkono baridi, lakini alimpa. Ndipo mkunga naye akavuka, na mwuza nyama, na wengine. Si wote. Wapo waliobaki wakitazama viatu vyao.

Jumatatu wakaenda makaburini. Mwashi alipanga matofali, mshona nguo akateka maji kwa ndoo. Jua lilipokuwa utosini, wanaume wawili wa ng'ambo ile walikuja na mchanga kwenye toroli. Mmoja wao mshona nguo alimtambua kwa alivyosimama, bega moja juu, kama siku ile nyuma ya matairi. Yule mtu hakuthubutu kumtazama. Mshona nguo akamwonyesha pa kuumwaga mchanga, akaenda kando, akalia mpaka machozi yakamkauka.