Mkeka wa Kupokelea

Jumatatu hiyo Eslin Garae alifika kazini saa moja na nusu, akafagia mavi ya popo barazani, akawasha kompyuta, na kompyuta ikamwonyesha kwamba haina kitu. Vizazi na vifo vyote vya kisiwa cha Lolovatu vilikuwa vimefutika. Akapiga simu makao makuu, mjini Vila. Wakamwambia si yeye peke yake: watu wasiojulikana, walioketi kusikojulikana, wamepenya kwenye mitambo ya nchi usiku na kufuta walichokikuta. Eslin akashukuru, akakata simu, akafungua dirisha la huduma.

Foleni ilikuwa imeshajipanga. Wa kwanza alikuwa mzee Viralalau, aliyezikwa miaka minne iliyopita, amevaa shati jeupe lile lile la maziko. Alitaka kujua kama bado anahesabiwa marehemu, kwani alfajiri alijikuta ameketi kando ya kaburi lake na hakuna aliyemwambia arudi ndani. Eslin akatazama, akamjibu kuwa kwenye kitabu cha serikali hayumo miongoni mwa waliokufa. Mzee akasema basi ngoja akaangalie viazi vikuu vyake, maana anawajua wanawe kwa uvivu.

Bosi Bule, mkuu wa ofisi, hakupenda msongamano. Akaagiza ziwe foleni mbili, wazima kushoto na wafu kulia.

Wa tisa upande wa kulia alikuwa Jenila, binti wa pekee wa Eslin. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokufa kwa homa, akisubiri ndege ambayo kimbunga kiliizuia kutua. Miaka mitatu imepita, naye bado ana kumi na mmoja. Wiki ile ya msiba Eslin ndiye aliyekuwa karani pekee, na sheria haimjui mfiwa, kwa hiyo kifo cha mwanawe alikiandika mwenyewe, herufi kwa herufi.

"Mama," Jenila akasema dirishani, "viatu vinanibana."

Vilikuwa vile vya shule, vilivyokwisha kuwa vidogo hata kabla hajaugua. Alikuwa ameahidiwa vingine. Eslin akatoka nje, akapiga magoti mbele ya watu wote na kumfungulia kamba, huku akilia bila kujificha. Mchana akaenda dukani kumnunulia viatu vipya, namba moja zaidi, ili akue navyo. Mwenye duka hakumuuliza mfu anakuaje. Yeye pia mwanawe alikuwa amerudi asubuhi hiyo.

Wafu hawakula, ila walipenda kukaa karibu na laplap, andazi la viazi vikuu, ikitolewa kwenye mawe ya moto. Jenila alishinda ofisini na mama yake. Siku ya pili aliuliza ni nani aliyefuta majina, akaambiwa hajulikani.

"Atajulikana," Jenila akasema. "Si lazima alete mkeka?"

Ndivyo ilivyo Lolovatu. Aliyekosa huleta mkeka mwekundu, na nguruwe akiweza, na aliyekosewa hutandika mkeka wa kawaida wa kuupokelea. Kabla ya hapo hakuna neno linalosikika, hata liwe tamu namna gani. Jenila akatafuta majani ya mkadi yaliyokauka, akaketi chini ya dirisha, akaanza kusuka mkeka wa kupokelea. Eslin alimsikiliza akihesabu njia za ukili kwa sauti ndogo, na kwa siku mbili hakuomba kingine kwa Mungu.

Jumatano zilitua ndege mbili. Moja ilileta mtaalamu wa taifa kubwa la kusini, nyingine wa taifa kubwa la kaskazini, kila mmoja na masanduku yake ya msaada. Walilala nyumba moja ya wageni, kwani Lolovatu ina moja tu, na hawakusalimiana. Asubuhi wa kusini alichora ubaoni kuonyesha kwamba uvamizi umetoka kaskazini. Mchana wa kaskazini aliufuta mchoro, akachora ule ule na kugeuza mishale.

Eslin aliwauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, chifu wao ni nani.

Wakamweleza kwa subira, kwa maneno yaliyokaribiana. Kila taifa lina mkubwa wake, lakini juu ya mataifa hakuna mkubwa. Kwa hiyo kila mmoja hujilinda mwenyewe. Akinunua kufuli, jirani hudhani anaficha panga, naye hununua panga. Hakuna mbaya hapo, wakasema, dunia ndivyo ilivyojengwa, na wasomi wameyaandika hayo katika vitabu vizito.

"Sasa akikosea, nani atamwambia alete mkeka?" Eslin akamuuliza wa kaskazini.

"Kwanza akubali kwamba amekosa, mama. Na hakuna taifa litakalokubali."

Wa kusini, aliyekuwa mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Ni hapo tu walipopatana.

Alhamisi watoto walianza kupungua uzito. Wafu walikuwa wamerudi kwa kufutwa kwenye vifo, na waliofutwa kwenye vizazi nao wakaanza kwenda zao. Waliozaliwa miaka hii ya kompyuta hawakuwa na cheti kingine popote. Wakubwa kidogo waliwekewa mawe mifukoni. Wachanga walielea. Ijumaa Merian, jirani yake Eslin, alikuja na mwanawe Tomsen wa miezi miwili amemfunga kamba kiunoni, akaifunga ile kamba kwenye komeo la dirisha.

"Jana alikuwa anagusa dari," Merian akasema. "Leo nimemtoa nje, nimeona anatazama juu tu. Eslin, dada yangu, mimi najua unalo daftari."

Ofisi nzima ilijua. Eslin hakuwahi kuuamini umeme wa jua, na kila alichokiandika kwenye kompyuta alikinakili kwenye daftari la shule, kwa mwandiko ambao Bosi Bule aliuita nyayo za kaa. Walimcheka miaka sita. Tangu Jumatatu alikuwa amelikalia.

Akalitoa. Wataalamu wote wawili wakafungua mashine zao, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake aandike peke yake. Eslin akasoma, nao wakaandika. Vizazi na vifo vilifuatana katika mfululizo mmoja wa namba, kama sheria inavyotaka. Alipokisoma kizazi, mahali fulani mtoto alitua chini. Alipokisoma kifo, foleni ya kulia ilipungua mtu.

Alipofika mia sita na kumi na mbili, namba ya Jenila, akasoma mia sita na kumi na tatu.

Mashine zote mbili zikakataa. Haziruki namba. Mzee Viralalau, aliyekwisha aga, alirudi kutoka njiani kujitolea kufa mara ya pili kwenye nafasi hiyo, na mashine zikamkataa pia. Tomsen alikuwa mia tisa na kitu. Kamba yake ilikuwa imekaza, na nyuzi mbili zimeshakatika.

"Soma tu, Mama," Jenila akasema.

"Ngoja umalize ukingo."

Jenila akakunja ukingo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alisuka haraka, ulimi nje, kama alivyokuwa akifanya hesabu. Uzi mwingine ukakatika, na Merian akafumba macho. Eslin akasoma jina lote la mwanawe, jina la baba, tarehe, homa. Sauti yake haikukatika mpaka nukta. Kisha akalala kifudifudi juu ya daftari, na wataalamu wakasubiri kwa adabu, mikono juu ya vibonye. Chini ya dirisha palibaki mkeka. Viatu alikwenda navyo.

Jioni Tomsen alikuwa mzito wa kumchosha mama yake.

Taifa la kusini likatangaza kwamba limeiokoa Lolovatu. La kaskazini likatangaza vivyo hivyo. Mwaka uliofuata moja lilijenga kituo cha ulinzi wa mitandao chenye uzio, na la pili likajenga cha kwake ng'ambo ya barabara, uzio umezidi kidogo. Mitambo imevamiwa mara mbili tangu hapo, na michoro ni ile ile.

Wageni wa mataifa hayo wakija ofisini huukuta mkeka umetandikwa mbele ya dirisha, ukingo wa nne haujakunjwa. Huuliza kama wavue viatu. Eslin huwajibu hapana, wazunguke tu, hapo pana mtu anayesubiriwa alete mkeka wake.